Kabati la TV na Muziki: Lipimwe Kuanzia Nyuma

Mtu akitaka kabati la TV na vyombo vya muziki, kwanza huwaza sura: rangi ya mbao, milango ya kioo au ya ubao, droo ngapi. Anachora, fundi anafuata mchoro, kabati linakuja zuri kabisa. Kasoro huonekana siku ya kupanga vyombo. Risiva (chombo kinachopokea sauti na picha na kuendesha spika) inaingia vizuri, ila ukishachomeka nyaya nyuma inasogea mbele na mlango haufungi. Plagi ya umeme haipiti kwenye tundu. TV imekaa juu mno, shingo inauma kabla sinema haijafika nusu.

Kosa hili nililifanya kwenye kabati langu la kwanza. Nililitengeneza mwenyewe kwa plaiwudi, mgongo nimeuziba kotekote, milango miwili ya ubao imebana sawasawa, nikajivunia. Jioni moja, sinema ikiwa katikati, sauti ikakatika. Nilipofungua mlango hewa iliyotoka ilinipiga usoni kama mtu aliyefunua sufuria ya maji yanayochemka. Niliweka kiganja juu ya risiva, sikuvumilia hata sekunde tatu. Ilikuwa imejizima yenyewe ili isiungue. Nikapapasa upande wa chini wa rafu iliyokuwa juu yake: vanishi ilikuwa imelainika, kidole kiliacha alama. Alama ile haikutoka tena.

Tangu hapo nafuata mpangilio mmoja: vyombo kwanza, kisha hewa, nyaya, uzito, na urefu wa TV. Sura inakuja mwisho, na ukishayatimiza hayo utakuta bado ina nafasi ya kutosha ya kupendeza.

Hatua ya 1: Pima vyombo vikiwa vimechomekwa

Usitegemee vipimo vya kwenye boksi. Vile ni vya chombo kitupu. Chukua futi, weka chombo mezani, chomeka nyaya zake zote, halafu pima kutoka kwenye ncha ya kitufe kinachotokeza mbele hadi pale waya unapomaliza kujikunja nyuma. Plagi ya HDMI, ule waya wa picha na sauti unaoingia kwenye TV, ni ngumu na waya wake haupendi kukunjwa ghafla. Ipe sentimita 8 nyuma ya chombo. Waya mnene wa spika unahitaji nafasi kama hiyo.

Vyombo vingi vya muziki vya nyumbani vina upana wa sentimita 43 hadi 44. Huo ni upana uliozoeleka, kwa hiyo ukijenga nafasi ya ndani yenye sentimita 55 karibu kila ampilifaya (kikuza sauti) au risiva utakayonunua baadaye itaingia na kubaki na pumzi pembeni. Kina ndicho kinachowaangusha watu. Risiva ya sinema mara nyingi ina kina cha sentimita 35 hadi 42. Jumlisha nafasi ya nyaya, unakaribia 50. Makabati mengi ya dukani yana kina cha 40 tu kwa nje, na ndani ni pungufu zaidi.

Kabla ya kukata ubao wowote, tengeneza mfano wa maboksi. Kata maboksi ya katoni yalingane na kila chombo, yapange ukutani yalivyo kwenye mchoro wako, weka mkanda wa karatasi sakafuni kuonyesha mwisho wa kabati. Kaa na huo mfano siku mbili. Utagundua mlango wa chumba unagonga kona, au droo ikifunguliwa inazuia njia. Katoni unaikata upya kwa dakika tano, ubao ukishakatwa ndiyo basi.

Kisha ongeza nafasi moja tupu, yenye urefu wa sentimita 20 hivi. Hakuna mtu niliyemwona akibaki na vyombo vilevile kwa miaka kumi.

Hatua ya 2: Hewa iwe na mlango wa kuingia na wa kutokea

Hapa ndipo uzito wote wa kazi ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Risiva au ampilifaya ya aina ya AB, yaani muundo wa kawaida wa zamani, inaweza kula wati 50 au zaidi hata sauti ikiwa chini, na karibu zote zinageuka joto. Ampilifaya za aina ya D ni bora sana kwa hili: zikifanya kazi kwa nguvu, sehemu kubwa ya umeme huenda kwenye spika na kidogo tu hubaki kuwa joto. Mashine kubwa ya gemu ikichezwa inaweza kufika wati 200. Ziweke hizo mbili ndani ya sanduku lililozibwa na umejenga jiko. Joto hilo haliharibu kitu siku moja. Linazeesha vyombo kimyakimya: kwa kanuni ya mafundi wa elektroniki, kila joto likipanda kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita (vidude vidogo vya ndani vinavyohifadhi chaji ya umeme) yanapungua kwa karibu nusu. Kapasita ndizo hufa kwanza kwenye ampilifaya nyingi.

Hewa ya moto hupanda. Kwa hiyo kabati linalopumua lina uwazi chini, ambapo hewa baridi inaingia, na uwazi juu kwa nyuma, ambapo ya moto inatoka. Uwazi mmoja peke yake haufai, hata uwe mkubwa. Hewa haiwezi kutoka kama hakuna nyingine inayoingia. Ninachofanya mimi ni hiki. Sakafu ya kabati naikata mfereji wa sentimita 5 kwa 40 karibu na mbele, na kabati nalisimamisha kwa miguu ya sentimita 10 ili hewa ifike kwenye mfereji huo (na ufagio upite chini). Kila rafu naiacha fupi kwa sentimita 5 upande wa nyuma, isiguse mgongo. Nyuma, chini ya ubao wa juu, naacha uwazi unaolingana na ule wa chini au kuuzidi. Mwisho, kabati lenyewe halibandikwi ukutani; sentimita 5 zibaki.

Juu ya chombo chenye joto acha sentimita 10 hadi 15, pembeni 5. Usiweke kitu juu ya matundu ya risiva, hata kidude chepesi cha king'amuzi. Chombo kinachotoa joto kingi kikae rafu ya juu kabisa, ili joto lake lisipikie wenzake. Watu hukiweka chini kwa sababu ni kizito. Ubao ukiwa imara, uzito juu si tatizo, ilimradi kabati ni fupi na limefungwa ukutani.

Na mgongo? Ukiweza, usiwepo. Lakini kabati lisilo na mgongo huyumba kushoto na kulia kama meza iliyolegea miguu. Dawa yake ni vipande viwili vya ubao vyenye upana wa sentimita 10, kimoja nyuma juu na kingine nyuma chini, vilivyogundishwa na kupigwa skrubu kwenye mbavu za kabati, yaani mbao zake za pembeni. Kile cha juu kishushe kidogo, uwazi wa kutolea hewa upite juu yake. Vinashika kona, katikati panabaki wazi, na mikono yako inafika kwenye nyaya.

Kama milango lazima ifungwe, weka feni. Chagua kubwa inayozunguka polepole, ya milimita 120, si ndogo inayopiga kelele. Ifunge kwenye uwazi wa juu ikitoa hewa nje. Feni ya kuingiza hewa huingiza na vumbi. Zipo feni za volti 5 zinazochomekwa kwenye tundu la USB. Ukiichomeka kwenye TV, mara nyingi itawaka na kuzima pamoja nayo. Ifunge juu ya vipira laini ili mtetemo usihamie kwenye ubao.

Hatua ya 3: Nyaya na umeme

Plagi ya umeme ya miguu mitatu iliyo nene haipiti kwenye tundu la sentimita 4. Toboa la 6 kama ni nyaya za picha na sauti tu, la 8 kama umeme utapita. Yatoboe kabla ya kukusanya kabati. Ukishakusanya utajikunja humo ndani na drili mkononi, vumbi machoni.

Nyaya za umeme zipite upande mmoja, za sauti na picha upande mwingine. Zikilala pamoja mwendo mrefu, spika zinaweza kuanza kuunguruma chini kwa chini. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba. Kila waya uachie urefu wa ziada wa nusu mita ili chombo kiweze kuvutwa mbele bila kuchomoa kitu. Urefu huo ufunge kwa mkanda wa kitambaa unaofunguka, si kwa kamba za plastiki za kukaza ambazo utazikata kila mwezi. Bandika lebo pande zote mbili za kila waya. Ni kazi ya robo saa ambayo utaishukuru siku ukiwa umelala kifudifudi na tochi mdomoni.

Ekstensheni iwe moja, yenye waya wa ethi na kinga ya umeme kupanda ghafla, imepigwa skrubu kwenye ubavu wa kabati. Usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni. Hesabu na adapta: zile nene huziba tundu la jirani, kwa hiyo vyombo sita vinaweza kuhitaji matundu nane. Na swichi yake uifikie bila kusogeza kabati.

Hatua ya 4: Rafu isiyopinda

Rafu hupinda kwa hesabu inayoshangaza. Kwa mzigo uleule ukikaa katikati, ukirefusha nafasi kati ya mihimili mara mbili, rafu inapinda mara nane. Ukiongeza unene wa ubao mara mbili, inapinda sehemu moja tu ya nane. Ndiyo maana kutoka milimita 18 kwenda 25 kunapunguza kupinda kwa zaidi ya nusu, na ndiyo maana nguzo moja katikati ina faida kuliko ubao wa bei ghali.

Kanuni yangu: kwa ubao wa milimita 18 rafu isizidi sentimita 70 bila nguzo kama itabeba ampilifaya. Chipubodi, ubao wa vipande vya mbao vilivyogandamizwa kwa gundi, nisingeipa hata hizo 70. Ukihitaji uwazi mrefu, gundisha ubao mgumu wenye kimo cha sentimita 4 chini ya ukingo wa mbele. Unaimarisha rafu na pia unaipa sura nene ya kupendeza. Kama una santuri, kumbuka moja na jalada lake ni karibu gramu 250, na mia moja tayari ni kilo 25 au zaidi. Nafasi zake ziwe na kimo cha sentimita 33, fupi kwa upana, mihimili karibukaribu.

Kuhusu ubao: plaiwudi inashika skrubu vizuri na ni nyepesi. MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, inapakika rangi laini kabisa, lakini ni nzito (shiti moja ya milimita 18 yenye urefu wa sentimita 244 kwa 122 inakaribia kilo 40), inavimba ikilowa, na ukingo wake hupasuka ukiipiga skrubu bila kutoboa kwanza. Kwa skrubu ya milimita 4 toboa tundu la 3. Vaa barakoa unapoikata. Vumbi lake ni jembamba na halifai kuvutwa. Chipubodi ni ya makabati ya bei nafuu. Ukiitumia usiifungue na kuifunga tena mara nyingi, matundu yake yanalegea.

Rafu zisizogundishwa ndizo bora. Toboa matundu ya milimita 5 kwenye mbavu, kila moja milimita 32 kutoka kwa jingine, weka vijiti vifupi vya chuma vya kubeba rafu. Ukibadilisha chombo unahamisha rafu, huchukui msumeno.

Hatua ya 5: Urefu wa TV

Kaa kwenye kiti chako kama unavyokaa kweli, umelegea, si kama kwenye picha ya pasipoti. Mtu apime kutoka sakafuni hadi jichoni. Wengi huwa kati ya sentimita 95 na 110. Hapo ndipo katikati ya skrini inapotakiwa kuwa.

Mfano: TV ya inchi 65 ina picha yenye upana wa sentimita 144 na kimo cha 81. Jicho likiwa 105, toa nusu ya kimo, yaani 40. Ukingo wa chini wa picha unakaa 65. Toa miguu ya TV, tuseme 7, kabati linakuwa na kimo cha 58. Kwa inchi 55, yenye upana wa 122 na kimo cha 68, kabati hilohilo linafika 64. Utaona kwamba kabati sahihi ni fupi kuliko unavyodhani, na ndiyo sababu linabidi liwe pana. Pima pia umbali kati ya miguu ya TV. Nyingi za sasa zina miguu miwili karibu na ncha, na kabati fupi kwa upana litauacha mguu mmoja hewani.

Hatua ya 6: Milango na rimoti

Rimoti nyingi hutumia mwanga usioonekana, na mwanga huo haupiti kwenye ubao. Hupita kwenye kioo, na kwenye vioo vingi vyenye rangi, na kwenye kitambaa cha spika. Kabla ya kulipia kioo cheusi, kiweke mbele ya TV yako na ubonyeze rimoti. Kitambaa cha spika kilichovutwa kwenye fremu ndicho nikipendacho: rimoti inapita, hewa inapita, na vyombo havionekani. Ukitaka ubao mtupu, nunua kifaa cha kupokeza rimoti: jicho dogo linakaa nje, waya mwembamba unaingia ndani na kubandikwa mbele ya kila chombo.

Ruta (kifaa cha Wi-Fi) usiifungie ndani ya kabati la chuma wala nyuma ya kioo cha kujitazamia. Mawimbi yake yatadhoofika na utaulaumu mtandao bure. Ikae juu au nje kabisa.

Bawaba za kikombe cha milimita 35, zile ambazo kikombe chake cha duara huzamishwa kwenye mlango, ndizo rahisi kurekebisha mlango ukining'inia upande.

Hatua ya 7: Spika na santuri zina masharti yao

Spika kuu zisiingizwe kwenye kabati. Zile zenye tundu la besi nyuma hunguruma zikisongwa, na ubao unaozizunguka hutetema pamoja nazo. Zikae kwenye stendi zake, ile spika ndogo ya sauti nyembamba ikiwa usawa wa sikio. Spika ya katikati ndiyo pekee ninayoiruhusu ndani, na kwa sharti: uso wake ufike kwenye ukingo wa rafu au uupite kidogo. Ukiirudisha ndani, sauti inagonga rafu kabla ya kukufikia na maneno ya waigizaji yanakuwa mazito kama wanaongea kwenye ndoo. Ukiiweka chini sana, iinue mbele kwa vipira ielekee masikioni.

Sabufa isiguse kabati kamwe. Ikae sakafuni.

Mashine ya santuri ikae juu ya kabati, mbali na spika, imesawazishwa kwa pima maji pande zote mbili. Kumbuka mfuniko wake ukifunguka unahitaji sentimita 40 au zaidi juu. Nimeona rafu nzuri ya ukutani iliyolazimika kung'olewa kwa sababu hiyo tu.

Ukinunua lililotengenezwa tayari

Nenda dukani na futi na karatasi ya vipimo vyako vya hatua ya 1. Pima kina cha ndani, si cha nje. Bonyeza rafu katikati kwa mikono miwili. Ikishuka ukiwa unaiona, iache. Angalia kama mgongo ni ubao mwembamba uliopigiwa misumari: huo unaweza kuutoboa mwenyewe kwa msumeno wa kutobolea matundu ya duara, na kabati lenye matundu mawili madogo likapata madirisha manne makubwa. Usiuondoe wote bila kuweka vile vipande vya kushika kona. Kasoro ya hewa hurekebishika nyumbani. Kina kifupi hakirekebishiki.

Hatua ya 8: Funga ukutani, kisha jaribu

Weka kabati mahali pake, lisawazishe kwa miguu, halafu lifunge ukutani kwa vyuma vya pembe. Vyuma hivyo vipitishwe kwenye vipande vya mbao ili zile sentimita 5 za nyuma zisipotee. TV nayo ifungwe kwa mkanda wake. Mtoto akivuta droo tatu kwa pamoja na kuzipanda kama ngazi, kabati na TV vinamwangukia. Usiseme utaifanya wiki ijayo, maana chombo kikishawaka hakuna anayerudi nyuma ya kabati.

Sasa washa kila kitu, weka sauti yako ya kawaida, funga milango. Weka kipimajoto ndani, karibu na chombo chenye joto kuliko vyote lakini kisikiguse, na kingine chumbani. Baada ya saa mbili soma vyote viwili. Tofauti ikiwa nyuzi 10 au pungufu, mimi naridhika. Ikifika 15, ongeza uwazi au feni. Kata ukanda mwembamba wa karatasi ya chooni, ushike mbele ya uwazi wa chini: unapaswa kuvutwa ndani. Usogeze kwenye uwazi wa juu: unapaswa kupepea kuelekea nje. Ukining'inia tu bila kucheza, hewa imesimama. Tafuta ni waya gani au rafu gani imeziba njia, mara nyingi ni rundo la nyaya lililosukumwa nyuma kwa haraka.

Vanishi ya mwisho naipaka baada ya jaribio hili, vyombo vikiwa vimetolewa tena, kwa sababu karibu kila mara kuna tundu moja la kuongeza.